Simu za Baba

Simu ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa nyeusi, nzito, imefungwa ukutani katika ofisi ya stesheni ya Itigi, na aliyeisemesha alikuwa baba yangu. Kazi yake ilikuwa kuomba njia. Treni haikuondoka Itigi mpaka azungushe kile kimkono cha pembeni, stesheni ya mbele iitike, aulize kama reli iko wazi, naye ajibiwe. Tulipotoka shule tulipita chini ya dirisha lake ili tumsikilize tu.

"Manyoni! Manyoni! Itigi hapa!"

Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Ukiwa sokoni ulimsikia. Watu walitania kwamba Manyoni wangeweza kumsikia hata bila waya. Halafu jioni alirudi nyumbani, akavua koti la reli, akakaa kwenye kigoda chake na kunyamaza. Nyumbani hakuwa msemaji kabisa. Mama ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, kwa Kinyaturu cha kwao Mtinko, na baba aliitikia kwa kichwa. Nilipokuwa mdogo niliamini maneno yake yote yalikuwa yakiishia stesheni.

Watu walimtumia sana. Mwanamke aliyemngoja mkwe wake kutoka Tabora alisimama mlangoni na kusema, "Baba, naomba uniulizie kule kama mama amepanda." Haikuwa kazi yake, lakini njia ikishaombwa na kazi ikiisha, aliuliza. Jibu likija aliligeukia lile dirisha akalitangaza, na pale nje mama yangu na wachuuzi wenzake wenye chupa za asali na mayai ya kuchemsha walishangilia kana kwamba mgeni ni wao.

Nilipoanza chuo cha ualimu, Singida mjini, baba alikuwa amestaafu. Alirudi kwenye kitu alichokipenda tangu ujana wake kule Issuna, nyuki. Vichaka vya Itigi vinafaa kwa nyuki kuliko vinavyofaa kwa kingine chochote. Alichonga mizinga ya magogo mwenyewe, akaitundika, na ile iliyozidi akaiuza. Uani kwetu mizinga ililala imepangwa kama kuni.

Siku hizo simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia, lakini si kila nyumba. Kwetu aliyekuwa nayo ni jirani yetu, mama mwenye duka. Mnara ulikuwa mbali, na mtandao ulikamata sehemu chache tu: karibu na tangi la maji la reli, na pale ambapo njia ya kwenda misheni inapanda kidogo. Ukipita kwenye tangi alasiri ulikuta watu wamesimama kila mmoja upande wake, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeziba sikio, wakizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukishapata pale panapokamata hukusogea. Mtu alisalimiwa na mkubwa wake akaitikia bila kugeuka, akasamehewa, jambo ambalo kwingine kote lisingevumiliwa.

Sisi wa mbali tulikuwa na kubipu. Vijana wa sasa wanalicheka hilo neno. Ulipiga, ikaita kidogo, ukakata kabla haijapokelewa. Maana yake mlipatana mapema. Mimi nikibipu Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mama mwenye duka alijua ni mwanafunzi wa chuo anaita wazazi wake. Alifunga duka, akamfuata baba au mama, wakaenda tangini pamoja, na mimi nilipiga tena, nikiwa nimekwangua vocha yangu na kuzihesabu dakika moyoni. Mama akija tulicheka mpaka salio linakwisha. Baba akija, nilimsikia yule wa dirishani akirudi.

"Itigi hapa!"

"Shikamoo baba!"

"Marahaba! Sema!"

Nilipenda sana ile "Sema!" Nilikuwa natembea nayo wiki nzima.

Kisha yale mazungumzo yakaanza kubadilika, polepole, nami sikutambua ni nini. Nikimuuliza habari za mguu uliokuwa ukimsumbua, aliniambia mvua imenyesha vizuri. Nikimwambia mitihani imekaribia, alisema, "Sawa, sawa, msalimie." Nikadhani ni mtandao. Kila kitu siku hizo kilikuwa kosa la mtandao.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa na mchumba, mwalimu mwenzangu kutoka Mkalama, Mnyiramba mpole. Kwao wakaamua kutuma washenga. Mama alikuwa Mtinko akimuuguza mama yake, na huko mtandao ulikuwa haujafika, kwa hiyo habari ile ilinibidi nimwambie baba mwenyewe. Sikulala vizuri. Binti kumwambia baba yake jambo kama hilo, tena kwa simu ya jirani, kando ya tangi la maji ambako watu wote wanasikia! Nilibipu. Nikapiga.

"Baba, kuna washenga wanataka kuja nyumbani."

"Wangapi?"

"Watatu, baba."

"Waje! Waje na gari!"

"Na gari, baba?"

"Kubeba kwa mikono hawataweza! Waambie nimeshaandaa, waje wajichagulie!"

Nilibaki nimeshika simu. Baba yangu, yule bwana wa kuitikia kwa kichwa, alikuwa amenitania! Niliwasimulia wenzangu bwenini, tukacheka hadi machozi. Nikamwandikia mchumba kwamba mzee amefurahi, hana kinyongo, tarehe ni ile ile.

Siku yenyewe nilitoka Singida na basi la asubuhi ili niwahi kumsaidia mama, aliyekuwa amerudi kutoka Mtinko. Basi likaharibika njiani, tukakaa tukitazama mafundi wakilala chini yake. Nilipofika Itigi jua lilikuwa limepinda, na washenga walikuwa wamenitangulia. Niliwakuta uani. Walikuwa wamevaa makoti, viatu vimepigwa rangi, nao wameinama juu ya mizinga ya nyuki. Baba alikuwa na kaptura ya kazi na kisu cha kuchongea mkononi.

"Huu haujaguswa na mchwa," alikuwa anasema. "Gonga. Gonga usikie."

Mzee wa washenga, baba mkubwa wa mchumba wangu, aligonga mzinga kwa adabu kubwa, akasikiliza, akawageukia wenzake. Wenzake nao wakagonga. Baadaye alinisimulia kwamba waliamini ndiyo mila ya Wanyaturu, mshenga hupimwa kwa mizinga kwanza, na asiyeijua asali hapewi binti.

"Mzee wetu," alisema, akijiweka sawa, "mizinga tumeiona na ni mizuri. Lakini sisi tumetembea tumeona ua katika boma hili, na ua hilo limetupendeza."

Baba alimtazama midomo. "Maua? Maua hayana shida hapa. Vichaka vyote hivi vikichanua, nyuki wanachagua wenyewe."

"Hapana, mzee. Tunasema ua. La humu ndani."

"Humu ndani sifugi. Watawauma watoto."

Mama alikuwa ametoka jikoni na bilauri za maji kwenye sinia. Baba alikuwa amemwambia kwamba wanunuzi wa mizinga wanakuja, naye alikuwa amewaandalia wanunuzi. Aliposikia neno ua alisimama katikati ya uwanja. Akanitazama mimi niliyesimama langoni na begi langu. Nikaona ameelewa yote kwa mara moja, na nikaona pia kwamba sehemu moja ya habari ile haikuwa ngeni kwake.

Nilipiga goti, nikawaamkia wote. Baba akafurahi kuniona.

"Umefika? Wateja wako hawa hapa. Ni watu wazuri, lakini hawasemi bei."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa washenga alikuwa mtu mwenye hekima yake. Alimwangalia baba namna alivyokuwa akiifuata midomo ya watu, akaelewa. Hakupaza sauti. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa barua ya posa, akampa kwa mikono miwili.

Baba aliweka kisu chini, akajipapasa mfukoni akatoa miwani. Akasoma. Alisoma taratibu hadi chini, akarudi juu. Kisha akakaa juu ya mzinga.

"Washenga," alisema.

Nikamwitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akituitikia sisi.

"Mimi nilisikia mizinga."

Aliilaza barua magotini. Halafu akasema jambo ambalo sikutegemea aliseme mbele ya wageni, wala mbele yangu. "Niwieni radhi, wazee wenzangu. Masikio yangu yamekwisha. Yameliwa na treni. Muda mrefu sasa nasikia kwa mke wangu."

Mama aliweka sinia chini. Ni kweli, alikuwa akijua. Kwa miaka kadhaa alikuwa amemsimamia kila mahali, kanisani, sokoni, kwenye vikao, akiyarudia maneno ya watu kana kwamba ni tabia yake tu ya kusema sana. Nasi wanawe tuliona mama msemaji na baba mkimya, tukaridhika.

Baba aliinuka, akaingia ndani. Tukadhani ameona aibu. Tulimsikia akinawa. Alipotoka alikuwa amevaa lile koti la reli, vifungo vyote vimefungwa, na nywele zimechanwa. Akaenda mpaka langoni, akasimama, akawaomba washenga watoke nje kisha waingie upya, kama watu wanaokuja nyumba ya mtu kwa jambo la heshima. Wakatoka, wakabisha hodi. Baba akawakaribisha, mama akakaa karibu naye, na neno kwa neno akamrudishia kila kilichosemwa, safari hii bila kuficha. Ndipo kicheko kikaja, na wa kwanza kucheka alikuwa baba mwenyewe. Wale wazee walirudi Mkalama na mzinga mmoja juu ya gari kama zawadi, na hadi leo kwa mume wangu mimi naitwa mke wa mizinga.

Baada ya harusi yangu nilimpelekea baba simu yake mwenyewe, ile ndogo yenye tochi. Alinitazama kana kwamba nimempa kipofu kioo. "Nitaifanyia nini?"

"Utasoma, baba. Na utaandika."

Nilikaa naye likizo nzima. Zile simu, ukitaka herufi moja ubonyeze kitufe mara tatu, na vidole vyake vilikuwa vya mtu wa shoka. Aliandika, akafuta, akaandika. Lakini herufi hazikumtisha. Ujanani aliwahi kupokea na kutuma telegramu, zile ambazo kila neno lililipiwa, na alijua kuikata habari mpaka ibaki mfupa. Nilipokuwa nimerudi kituoni kwangu kazini, ukaingia ujumbe wake wa kwanza, wote kwa herufi kubwa:

MVUA IMENYESHA. MAMA YUPO. MGUU NAFUU. KWISHA.

Nilimjibu kwa maneno mengi, nikimwambia asijibane. Akajibu: NIMEPOKEA.

Ilichukua muda mrefu, lakini alifunguka. Kwanza yaliongezeka majina ya vitu. Badala ya mvua imenyesha, ikaja mvua ya mawe, imeangusha maua ya miti ya mihama. Kisha vikaja visa. Alinieleza namna nyuki walivyomfukuza fundi wa umeme. Alinieleza, kwa ujumbe uliokatika vipande na kuingia bila mpangilio, jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza mnadani Mtinko akibishana na muuza chumvi. Yale aliyoyanyamaza kwenye kigoda miaka yote, aliyaandika. Nilikuwa na watoto wadogo, nimechoka, lakini simu ikilia niliacha kupika. Ukubwa wa ile furaha sijaupata tena katika simu yoyote niliyowahi kumiliki, na sasa ninazo zenye kila kitu.

Simu janja zilipoenea, ndugu zangu walio Dodoma na Mwanza wakafungua kundi la familia. Mdogo wangu wa kiume aliwanunulia wazazi simu ya kioo, moja kwa wote wawili. Hapo likazuka tatizo. Mtandao ulikuwa umekuwa mzuri, minara imesogea, bando zinapatikana kila duka, na watu wakawa wavivu wa kuandika. Kila mtu alitupia sauti. Unafungua kundi, unakuta mistari ya sauti tu, mmoja anaongea akiwa kwenye gari, mwingine anapika. Baba alikuwa ametoka katika ukimya mmoja, akawa ameingia katika mwingine. Akaandika kwenye kundi: NAONA MNAONGEA. MIMI NIMEBAKI NJE.

Dada yangu mkubwa alitoa amri kwamba kundini tuandike tu. Tukatii. Kumbe sasa tumemfungia mama, ambaye shule yake iliishia mapema na kusoma kwake kulikuwa kwa kudonoa. Naye akalalamika, kwa sauti, kwa Kinyaturu, dakika nzima.

Wao wenyewe ndio walioyamaliza. Nilipokwenda kuwatembelea niliwakuta barazani, simu imeegemezwa kwenye kibuyu katikati yao. Ujumbe wa maandishi ukiingia, baba aliusoma kwa sauti yake ya stesheni na mama akasikia, na majirani wakasikia pia. Ujumbe wa sauti ukiingia, mama alisikiliza, kisha akamgeukia mumewe akamwambia taratibu, uso kwa uso, akisaidia kwa mikono. Kujibu nako hivyo hivyo. Yeye alisema Kinyaturu, baba akaandika Kiswahili, maana lugha ya kuandikia kwake ilikuwa ya kazini. Mara nyingi majibu hayakufanana. Mama angesema, "Mwambie aje na watoto," na chini yake baba akaandika, MSISUMBUKE, NAULI NI GHALI. Walibishana papo hapo, tukawaona wakibishana, kwa sababu mmoja wao alikuwa amebonyeza picha za video bila kujua. Zile video baba alizipenda. Aliiona midomo yetu. Zikikwama, uso wa mtu ukabaki umeachama, alingoja kwa subira ile ile ya mtu aliyezoea kungoja njia ifunguliwe.

Baba alituacha msimu wa mavuno, kwa ugonjwa mfupi. Tulimzika Issuna kwao. Watu wa reli waliozeeka naye walikuja, nao karibu wote walikuwa wakizungumza kwa kupaza sauti, ndipo nikajua ule ugonjwa wa masikio haukuwa wake peke yake.

Baada ya arobaini mama alikaa na ile simu ikawa kama redio iliyokufa upande mmoja. Sauti zetu alizisikia. Maandishi yaliingia, akayatazama. Tukarudi kwenye sauti sote, bila amri ya mtu. Nilipoenda kumwona alinitaka nikae naye barazani.

"Yale aliyokuwa akikuandikia, unayo bado?"

"Ninayo, mama." Nilikuwa nimeyahamisha kutoka simu hadi simu, kila nilipobadilisha.

"Nisomee."

Nilimsomea mchana ule, na kesho yake. Nilipotakiwa kuondoka aliniomba nimsomee kwa ujumbe wa sauti, mmoja mmoja, ili aweze kusikiliza mwenyewe akiwa anapepeta. Kwa hiyo siku hizi, watoto wakishaenda shule, nafungua ujumbe mmoja wa baba, nausoma, nautuma Itigi. Naacha kila kitu kama alivyokiandika.

Juzi nilimtumia kile kisa cha mnada wa Mtinko, muuza chumvi na yote. Jibu la mama liliingia haraka. Nyuma yake nilisikia kuku, na ungo unaopigwa pigwa.

"Muongo huyo!" alisema kwa Kinyaturu. "Haikuwa chumvi. Ilikuwa sukari guru, na yeye ndiye alikuwa anapunjwa, mimi nikamtetea. Mwambie..." Ungo ukaacha kupigwa. "Haya. Ngoja niwape kuku hawa. Kesho utume kingine."